Doa la maji, doa la chumvi: nguo za kupandia farasi wakati wa joto

Kaskazi ikiingia, swali la kwanza kuhusu mavazi ya kupandia farasi huwa lile lile: rangi gani haionyeshi jasho? Haipo. Jasho huacha alama mbili, ya maji likiwa bichi na ya chumvi likishakauka, na rangi inayoficha moja ndiyo inayoianika nyingine. Anayekuuzia suruali nyeusi kwa hoja kwamba "haionyeshi jasho" amekupa nusu ya habari.

Kwa hiyo anza na mahali, rangi baadaye. Mombasa, Diani au Dar es Salaam hewa imeshiba unyevu na jasho halina pa kwenda. Hukaa kwenye kitambaa na kuendelea kutanuka. Hapo tatizo ni doa la maji. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, hewa ya Januari na Februari ni kavu zaidi na jasho huanza kukauka ungali juu ya tandiko. Kinachobaki ni mstari mweupe wenye mawimbi kiunoni na nyuma ya magoti, kama ramani ya pwani. Muscat wakati wa kiangazi mpandaji hupata yote mawili, kutegemea upepo unatoka baharini au bara. Mimi kwa pwani huchagua bluu iliyokolea, kwa bara rangi ya mchanga au udongo mkavu.

Kwa nini nguo hugeuka rangi

Kitambaa kikavu kina hewa katikati ya nyuzi. Mwanga ukiingia humo hugonga hewa na uzi, hewa na uzi, mpaka sehemu kubwa inarudi nje, na jicho linaona rangi angavu. Maji yakijaza nafasi hizo mwanga haurudi kwa wingi ule. Huzama ndani na rangi ya kitambaa huumeza. Ndipo baka linakolea. Nguo nyeusi ilikuwa inaumeza mwanga tangu mwanzo, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Nguo nyeupe haina rangi ya kuumeza, na mwanga unapita tu: haikolei, inageuka kioo. Suruali nyeupe ya mashindano inayoonekana safi kabisa kwenye kamba ya kuanikia ndiyo hiyo hiyo inayotangaza chupi yako baada ya nusu saa.

Mbaya kuliko zote ni kijivu cha mchanganyiko, kile cha fulana za mazoezi. Kikilowa hukolea sana, na ukingo wa baka huwa mkali. Vitone au mistari midogo husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu jicho hutafuta ukingo wa doa, na mchoro huuvunja.

Kabla ya kulipa, omba maji. Weka nusu kijiko cha chai upande wa ndani wa pindo la suruali, subiri dakika mbili, geuza, toka nje uitazame kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kitambaa kizuri hutawanya tone hilo likawa pana kama kiganja, ukingo umefifia, na baada ya dakika kumi hivi unaona limeanza kupotea. Kibaya hulishika likabaki kama shilingi, limekolea, mpaka wake unaonekana waziwazi. Kisha vuta sehemu iliyolowa juu ya vidole vyako. Ukiona kucha, basi juu ya tandiko wataona zaidi, maana pale makalioni kitambaa huvutwa kwa nguvu kuliko mkono wako unavyoweza.

Ukiipata mitumbani, ongeza jaribio la pili: nyoosha sehemu ya makalio ukiielekeza kwenye mwanga. Vijiuzi vyeupe vikichomoza kama nywele, spandeksi, ule uzi unaovutika kama mpira, imekatika. Suruali hiyo imekwisha, hata kama mishono yote ni mizima.

Kitambaa na makalio

Pamba ina sifa nzuri mno kuliko inavyostahili katika mchezo huu. Kwenye hewa ya kawaida tu, kabla hujatoka jasho, tayari imeshika maji kama asilimia 8 ya uzito wake. Nailoni kama 4, poliesta chini ya nusu asilimia. Pamba ikilowa juu ya tandiko haikauki mpaka umeshuka, na ikiwa imelowa inasugua mapaja. Kwa suruali napendelea nailoni yenye spandeksi, ya kufumwa kwa nafasi. Kwa shati, poliesta nyembamba, ingawa poliesta ina kasoro yake: hupenda mafuta ya mwili, na harufu hung'ang'ania humo.

Suruali zenye silikoni, ule mpira laini unaobandikwa juu ya kitambaa, makalio yote hadi magotini zinakamata tandiko vizuri, lakini silikoni haipumui. Jasho la makalio haliwezi kutoka nje wala kwenda chini kwa sababu umelikalia, hivyo hukimbilia pembeni na kuchora umbo la tandiko kwenye suruali. Ukishuka, kila mtu anaona ulikaa wapi. Siku za joto vaa zenye silikoni magotini tu. Kama huna budi kuvaa zile kamili, chagua zenye vitone au mistari yenye nafasi kati yake.

Chupi isiwe ya pamba, isiwe na mshono unaopita pale unapokalia, na chini ya nguo nyeupe iwe na rangi ya ngozi yako, siyo nyeupe. Chupi nyeupe chini ya suruali nyeupe iliyolowa huonekana kama bendera. Ile ya miguu mirefu hadi katikati ya paja ni bora: hupokea jasho la kinena kabla halijafika kwenye suruali na kuzuia michubuko. Poda achana nayo. Ikikutana na jasho huwa uji, na kwenye suruali nyeusi uji huo hukauka mweupe.

Shati, kichwa na koti

Doa hutokea pale nguo inapogusa ngozi. Ndiyo maana shati la mikono mirefu lililolegea kwapani mara nyingi huonyesha jasho kidogo kuliko fulana ya kubana. Ndani yake vaa singlendi nyembamba ya poliesta inayobana. Yenyewe ilowe, shati la juu libaki huru. Chini ya fulana ya kinga, ile nene ya kulinda mwili ukianguka, shati la kulegea ni kosa, maana hukunjamana, na kila kunjo huacha mstari wa maji mgongoni.

Dawa ya kwapa yenye chumvi za aluminiamu huziba vinyweleo. Ya manukato huondoa harufu tu. Ile ya aluminiamu hupakwa usiku, kwenye ngozi kavu, siyo zizini dakika tano kabla ya kupanda, kwa sababu jasho linalotoka huisukuma nje kabla haijashika. Pedi za kwapa ni za chini ya koti. Kwenye shati tupu, mkono ukisogea mara chache na vigwe, zile kamba za kumwongozea farasi, pedi inajikunja.

Baka likishatokea na bado una safari ya kupanda, kuna ujanja mmoja unaofaa bara: lowesha shati zima. Shati lililolowa sawasawa halina doa, linapoza mwili, na Nairobi litakauka haraka. Pwani usifanye hivyo, utabaki umelowa mpaka magharibi. Suruali usiiloweshe popote.

Kofia ngumu ina pamba ya ndani inayobanduka. Bandua kila baada ya kupanda, suuza kwa mkono, anika kivulini. Kofia yenyewe usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, kwa sababu joto huharibu povu gumu linalolinda kichwa. Anayevaa hijabu achague ya kitambaa chembamba cha michezo, tabaka moja, bila pini na bila fundo kisogoni, na kofia ipimwe upya hijabu ikiwa kichwani. Kofia iliyopimwa bila hijabu inabana sana ikivaliwa nayo, na isiyobana sawasawa hailindi.

Kuhusu mashindano, kanuni za kuruka vizuizi za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, zinawapa waamuzi ruhusa ya kuondoa sharti la koti siku ya joto kali. Shati lazima liwe na mikono, mirefu au mifupi. Kwa hiyo usivae chini ya koti shati ambalo ungeona haya kubaki nalo. Na koti lenyewe lisubiri kwa saisi, mtunza farasi wako, wakati unampasha farasi joto. Livae zamu yako ikikaribia.

Lile doa la kahawia siyo jasho lako

Watu husugua ndani ya magoti na mashavu ya miguu ya suruali kwa hasira wakidhani ni jasho. Mara nyingi ni ngozi ya tandiko. Jasho la farasi lina chumvi nyingi, na lina protini inayolifanya litoe povu. Ndilo lile povu jeupe unaloona pale vigwe vinapomsugua shingoni. Povu hilo hulainisha mafuta, rangi na uchafu uliojikusanya kwenye ngozi, na suruali yako inavifuta. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua mara kumi sehemu ya tandiko inapokaa goti. Kikitoka kahawia, hata ukifua mwaka mzima doa litarudi. Futa tandiko kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya kupanda, sabuni ya ngozi kidogo, na ukipaka mafuta lipe siku nzima linyonye kabla ya kulikalia na suruali ya rangi nyepesi. Ukikuta doa limeshaingia, paka sabuni ya kuoshea vyombo moja kwa moja, bila maji, acha dakika 15, ndipo usuuze. Sabuni hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mafuta.

Kufua

Chumvi huyeyuka kwa maji matupu. Suuza nguo siku hiyo hiyo kwa maji baridi, hata kama utafua kesho kutwa. Hiyo peke yake huondoa mstari mweupe karibu wote. Chumvi iliyokwisha kukauka na kugandamana loweka dakika 30 kwenye lita 4 za maji na kikombe kimoja cha siki nyeupe. Kisha geuza ndani nje, fua kwa nyuzi 30, sabuni ya maji kidogo.

Usitie dawa ya kulainisha nguo. Hupaka nyuzi utando, na kitambaa kilichokuwa kinatawanya jasho huanza kulishika kama shilingi, lile lile la jaribio la dukani. Suruali ikianza kuonyesha mabaka ambayo zamani haikuonyesha, mtuhumiwa wa kwanza ni huyo.

Manjano ya kwapani hutokana na jasho kukutana na aluminiamu ya dawa ya kwapa. Wengi hukimbilia dawa ya klorini, jiki. Klorini huyazidisha manjano hayo, na hula spandeksi. Tumia unga wa kung'arisha wa oksijeni: kijiko kikubwa kimoja kwenye lita 4 za maji ya uvuguvugu, saa moja hadi mbili. Usichanganye jiki na siki kamwe, hata kwenye beseni moja kwa kufuatana. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Kuna doa moja linalowachanganya hata mafundi wa dobi: rangi ya chungwa kwenye kola ya shati jeupe, linalotokea baada ya kufua, siyo kabla. Hilo ni krimu ya kuzuia jua. Nyingi zina avobenzoni, kemikali ya kuzuia miale ya jua, nayo ikikutana na madini ya chuma kwenye maji ya kisima hufanya doa kama kutu. Jiki hulikoleza. Kamua ndimu, nyunyiza chumvi, acha saa moja kivulini, suuza sana, halafu fua kwa maji ya mvua au ya bomba ikiwezekana. Chagua krimu yenye zinki badala yake. Huacha weupe kidogo, lakini weupe huo hutoka kwa sabuni.

Anika kivulini, kiuno kikiwa juu, ndani nje. Jua la saa saba mchana hukausha upesi, lakini huua spandeksi, na silikoni usiipige pasi.