Usiiamini Mizani: Kumlisha Mtoto Anayetibiwa Saratani

Mtoto wa miaka mitatu akipimwa akakutwa na kilo 14, kadi yake ya kliniki itamweka kwenye rangi ya kijani na kila mtu atashusha pumzi. Lakini kama tumboni ana uvimbe wa figo, ule uitwao Wilms, sehemu ya kilo hizo si zake. Uvimbe huo unaweza kupita kilo moja. Mvue shati uone: tumbo limejaa, mabega yamechongoka, mikono imebaki mifupa. Ndiyo maana mimi, afisa lishe wa wodi ya saratani ya watoto, huanza na mkono. Utepe wa MUAC, wa kupimia unene wa mkono, unazungushwa katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto, ukiwa umening'inia bila kukazwa. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, hata mizani iseme nini.

Wenzetu wa Amerika ya Kati, Guatemala na majirani zake, walipopima mikono ya watoto waliogunduliwa karibuni kuwa na saratani, badala ya kutegemea uzito peke yake, walikuta zaidi ya nusu wameshadhoofu.

Udhaifu huo unaingia mpaka kwenye dripu. Huko Blantyre, Malawi, watafiti walipima vincristine, dawa ya saratani, kwenye damu ya watoto wenye Wilms, wakaona kwamba kwa waliokuwa na utapiamlo dawa inachelewa kutoka mwilini. Dozi ni ileile, lakini inakaa muda mrefu zaidi na madhara yanaweza kuzidi. Ongeza maambukizi, ambayo mtoto aliyekonda hana nguvu ya kuyahimili, na mara daktari anapunguza dozi au anaahirisha mzunguko wa dawa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wawe wanapona. Nchi tajiri zimeshapita 80. Nyingi za kipato cha chini haziifikii 30. Kuchelewa kugundua, dawa kukosekana, familia kukatiza matibabu kwa kukosa nauli, yote yamo. Ila chakula ndicho kinachokatwa kwanza kwenye bajeti, kwa kuwa kinahesabiwa kuwa kazi ya ndugu.

Na ndugu nao wanashauriwa na kila mtu. Ujumbe wa WhatsApp unaonikera kuliko yote ni ule wa "sukari inalisha kansa, mwachishe". Matokeo yake unamkuta mama, kwa nia njema kabisa, anamnywesha mtoto uji mweupe usio na sukari, maziwa wala tone la mafuta. Ni kweli seli za saratani zinatumia sukari. Hata ubongo wa mtoto unaitumia. Ukimnyima, mwili unabomoa misuli yake ili ujitengenezee sukari, na uvimbe unaendelea kupata ya kwake kama kawaida.

Tubaki kwenye uji, maana ndiko wengi wanakokwama. Uji mwepesi wa kunyweka ni maji mengi na unga kidogo. Mtoto asiye na hamu anashiba vikombe viwili kabla hajapata nguvu yoyote ya maana. Ukiongeza unga unakuwa mzito kama ugali, na mwenye vidonda mdomoni hawezi kuumeza. Dawa yake ni ya zamani, na bibi zetu wanaijua: kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo, kisha koroga kijiko cha unga wa kimea. Ukikitia uji ukiwa unatokota, moto unaharibu vimeng'enya, vile vinavyovunja wanga, na hakuna kitakachotokea. Ukipatia, ndani ya dakika chache uji unalegea huku unga wote umo. Urudishe motoni uchemke tena, kwa sababu kinga ya mtoto huyu iko chini. Hapo weka maziwa, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, ambacho peke yake ni kama kilokalori 120.

Ule "uji wa lishe" wa nafaka saba na karanga humo humo, mimi siusifii. Wingi wa nafaka hauna maajabu, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yana sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumu hiyo.

Siku za dawa, mlishe mapema kabla kichefuchefu hakijaanza, kidogo kidogo. Vidonda vya mdomo vikija, asukutue kwa maji ya chumvi, apewe vya baridi na laini: parachichi, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa na maziwa. Chembe nyeupe za damu zikishuka, kachumbari na juisi ya miwa ya barabarani zisubiri.

Akishindwa kabisa, tunaweka mpira wa puani wa kupitishia chakula. Kina mama wengi huuogopa kwa sababu mtoto wa jirani aliwekewa akafa. Huwa nawaambia: "Mama, huyo aliwekewa akiwa amechelewa, wa kwako tunamwahi." Aliyekonda sana anaanza na F-75, maziwa maalumu ya kuanzia tiba ya utapiamlo mkali, polepole, kwani kumshindilia ghafla kunashusha potasiamu na fosfeti kwenye damu, na moyo unaweza kusimama.

Panaponiuma ni kwa watoto wakubwa. Chakula dawa, pakiti ya gramu 92 yenye kilokalori 500, mara nyingi kinaletwa na mipango iliyolenga walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka tisa mwenye saratani ya damu hayumo kwenye hesabu, ingawa mkono wake ni mwembamba kuliko wa mdogo wake. Huyo tunamchanganyia wenyewe jikoni maziwa ya unga, sukari na mafuta, tukiongeza mchanganyiko wa vitamini na madini ukiwepo. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na chupa moja ya dawa ya mshipa, lakini haina kifungu kwenye bajeti, kwa hiyo kila mwezi tunaichangishana upya.