Diski ya kauri inayopitisha umeme: kazi huharibikia kwenye kinu na presi

Oksidi ya zinki, unga mweupe uleule uliomo kwenye losheni ya kalamaini, hupitisha umeme kwa shida. Ukiichanganya na alumina (oksidi ya alumini) kidogo, ukaibana iwe diski na kuichoma vizuri, unapata kauri ya kupaka kioo cha skrini au sola utando mwembamba unaopitisha umeme na mwanga pia. Ndani ya chombo kisicho na hewa, ioni za gesi ya agoni huipiga diski hiyo, atomu hung'oka na kutua juu ya kioo.

Atomu ya alumini ikikaa mahali pa zinki hubakiza elektroni moja ya ziada, nayo ndiyo hubeba umeme. Nafasi hizo ni chache. Uwiano uliozoeleka ni 98 kwa 2 kwa uzito. Anayeongeza alumina hadi 5 akitarajia makubwa hupata spineli, kampaundi ya zinki, alumini na oksijeni isiyopitisha umeme.

Diski ya sentimita 5 kwa milimita 5 huwa na gramu 53 hivi. Pima 60, maana nyingine hubaki kwenye vyombo: oksidi ya zinki 58.8, alumina 1.2. Saga saa 24 ndani ya ethanoli kwa mipira ya zirkonia, kauri ngumu. Mipira ya chuma huchubuka na kuchafua unga. Ukikauka, nyunyizia gundi ya PVA iliyoyeyushwa kwenye maji, isizidi asilimia 1 ikiwa kavu, kisha chekecha. Masika ya Arusha unga huvuta unyevu na kunata kwenye kalibu, hivyo ukaushe tena nyuzi 80 kabla ya kubana.

Kalibu iwe ya milimita 60, kwa kuwa diski husinyaa asilimia 16 hivi. Presi ya gereji ya tani 20, ile ya kung'olea beringi, inatosha: hutoa megapaskali karibu 70. Bana taratibu, shikilia dakika 2, achia taratibu. Ukiwa na haraka, hewa hunaswa ndani na diski huachana matabaka kama chapati.

Kuchoma ndiko kunakodai subira. Panda nyuzi 1 kwa dakika hadi 600 ili gundi itoke bila kupasua diski. Hiyo peke yake ni karibu saa 10. Halafu nyuzi 3 kwa dakika hadi 1,350, kaa saa 4. Koili za kawaida za tanuri la wafinyanzi hazihimili joto hilo, tafuta fito za silikoni kabaidi. Fukia diski ndani ya unga wa mchanganyiko uleule, la sivyo zinki huvukiza na diski hugandia sahani ya alumina. Umeme ukikatika, usifungue mlango.

Diski nzuri hutoka na rangi ya kijivu-buluu, na maltimita husoma omu chache tu. Madoa meupe ni alumina isiyosagika. Kisha pima densiti: chemsha diski kwenye maji saa 2, ipoe humohumo. Ikiwa na gramu 53.0 kavu, 43.2 ikining'inia majini na 53.1 ikifutwa maji, toa 43.2 kwenye 53.1 upate 9.9, kisha gawanya 53.0 kwa 9.9: ni karibu gramu 5.35 kwa sentimita ya ujazo, asilimia 96 ya densiti ambayo diski isiyo na vitundu ingekuwa nayo. Chini ya 95 irudie, kwani vitundu vyake hurusha cheche na kumwagia utando chembechembe.

Igandishe kwenye bamba la shaba kwa indiamu, metali laini inayoyeyuka nyuzi 157, na unapoanza kupaka kioo pandisha nguvu ya umeme hatua kwa hatua. Diski isiyogusana na shaba vizuri hupata joto upande mmoja na kupasuka.