Kwenda Lengai kutoka Unguja: naanza kupanga na usiku mmoja

"Dada, tuko sita, tuna siku nne, tupeleke Lengai tukaone moto." Ujumbe wa namna hii naupokea kila mara, na kila nikiupokea nafurahi, maana nilipoanza kazi hii ya kupeleka watu milimani ukimwambia mtu wa Mjini kwamba unakwenda kupanda volkano hai kwa hiari yako, alikuwa anakuombea dua. Swali la kwanza ninalowarudishia si la pesa. Nawauliza: hizo siku nne zinaangukia tarehe ngapi za mwezi wa Kiislamu?

Lengai hupandwa usiku. Mnaondoka kambini kama saa tano, mnaanza kupanda karibu na saa sita, mnafika juu alfajiri, na mnatakiwa muwe mmeshashuka kabla jua halijawa kali. Usiku huo mmoja ndio safari yenyewe. Boti, gari, kambi na chakula vyote naviweka baadaye, nikihesabu kurudi nyuma kutoka usiku huo.

Kalenda ya Hijria inaning'inia ukutani kwenye kila nyumba ya kwetu, basi tuitumie. Mwezi hujaa tarehe 14 au 15, lakini mimi napendelea kupanda kati ya tarehe 15 na 18. Siku hizo mwezi unachomoza usiku ukiwa bado mchanga, ikifika saa sita uko juu vizuri, na hautuachi mpaka alfajiri. Ukipanda tarehe 10, mwezi unazama usiku wa manane na kuwaacha na tochi tupu mkiwa kwenye sehemu kali kuliko zote. Tena kwetu wako wengi wanaofunga sunna za tarehe 13, 14 na 15. Nawaomba wasubiri tarehe 17. Mtu aliyeshinda na saumu mwili wake umepungukiwa maji, na mlima ule hauna hata tone la kumwongezea.

Majira ni rahisi zaidi kuyachagua: nenda wakati wa kipupwe na kusi, kuanzia Juni mpaka Septemba au Oktoba. Masika simpeleki mtu. Mvua inachimba makorongo kwenye majivu, njia ya mwezi uliopita huikuti tena, na barabara yenyewe inakatika mito inaposhuka.

Sasa mlima wenyewe. Ol Doinyo Lengai kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu, na wenyeji wake wanakwenda kuomba huko. Ukiupanda, jua kwamba umeingia mahali pa ibada ya watu. Uko kusini mwa Ziwa Natron, wilaya ya Ngorongoro, na urefu wake ni mita zipatazo 2,962. Watu wakisikia namba hiyo wanailinganisha na Meru, mita 4,566, au Kilimanjaro, mita 5,895, wakadhani ni kilima. Wanasahau mambo mawili. La kwanza, ziwa liko chini, kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo sehemu kubwa ya urefu ule unaipanda kwa miguu yako, na kwa usiku mmoja. La pili, Lengai hauna njia ya kuzunguka. Unapanda moja kwa moja kama mtu anayepanda paa la makuti, na mguu ukienda hatua moja majivu yanakurudisha nusu.

Na zaha yake, yaani ule uji wa mawe unaotoka chini, haina mfano leo duniani. Zaha za volkano nyingine nyingi zimejaa silika, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo, ndiyo maana ni nzito, na moto wake unaweza kupita nyuzi 1,100. Ya Lengai ina silika kidogo mno na imejaa chumvi ziitwazo kaboneti, za sodiamu na potasiamu. Inatoka kwa nyuzi 500 hadi 600, inatiririka nyepesi kama mafuta machafu ya injini, mchana inaonekana nyeusi, na usiku ndipo unapouona wekundu wake hafifu. Ikikutana na unyevunyevu wa hewa inageuka nyeupe, kwa hiyo ukiwa mbali unadhani kilele kina theluji. Moja ya madini yaliyomo ndani yake linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Na ndugu wa chumvi zile unao jikoni kwako: ni magadi, ambayo bibi zetu wanatia kwenye maharage yaive upesi. Kila ninapolieleza hili kambini huwa natamani walimu wetu wote wa jiografia wangekuwepo.

Nyuzi 500 zisikudanganye ukasema huo si moto. Mafuta ya kukaangia sambusa hayafiki hata nusu yake.

Nirudi kwenye kuhesabu siku, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilichukua kikundi cha watu watano. Tuliondoka Unguja kwa boti ya asubuhi, tukapanda basi Dar mpaka Arusha, tukafika usiku mkubwa. Kulipokucha tukaingia kwenye gari kwenda Engare Sero, kijiji cha chini ya mlima, tukafika alasiri, na usiku ule ule tukapanda. Kwenye karatasi ilikaa vizuri na bei ilikuwa nafuu. Kupanda tulipanda. Lakini kushuka, kijana mmoja wa Makunduchi, mwenye nguvu kuliko sisi sote, mapaja yalimkataa. Kila akikanyaga, goti linatetemeka na kujikunja. Maji yaliisha saa tatu asubuhi, kivuli hakuna, na tulifika chini baada ya adhuhuri tukimshika huku na huku. Hakuumia, alhamdulillahi. Lakini kosa lile lilikuwa langu, na tangu siku hiyo siuzi safari ya siku nne.

Hivi ndivyo ninavyopanga sasa. Siku ya kwanza ni kufika Arusha tu na kulala, iwe kwa ndege kutoka Unguja au kwa boti na basi. Siku ya pili gari linapita Mto wa Mbu, linaiacha lami na kufuata ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Engaruka mpaka kijiji cha Engare Sero. Liwe gari refu la kuhimili mawe. Njiani kuna mageti ya ushuru, na hapa ndipo wasafiri wengi hugombana na madereva: uliza mapema, kwa maandishi, kama bei uliyopewa imeshahesabu mageti yote, na uchukue kitambulisho chako. Usiku huo mnalala. Hakuna kupanda.

Siku ya tatu asubuhi tunatembea kidogo kwenda kwenye maporomoko ya maji ya Engare Sero, miguu ipashike moto, halafu tunakwenda kuziona nyayo. Karibu na ziwa zimehifadhika nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale waliopita kwenye majivu yenye maji, yakakauka na kuwa mwamba. Wataalamu wanaziweka kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Simama hapo uangalie kidole gumba cha mtu yule kilivyozama, ndipo utajua majivu ya volkano yanaweza kutunza nini. Baada ya chakula cha mchana kila mtu analala, kwa amri. Joto la bonde linaweza kupita nyuzi 40, usingizi hauji kirahisi, lakini kulala macho yamefumbwa nako kunasaidia. Tunakula mapema, wanaojumuisha Magharibi na Isha wanajumuisha, tunalala tena kidogo, saa tano tunaondoka.

Siku ya nne ni ya mlima, na ukishashuka ni ya kulala. Siku ya tano alfajiri tunakwenda ufukweni kwa Natron kuwaona heroe, yaani flamingo, maana ziwa hili ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki, kisha tunarudi Arusha. Siku ya sita wa ndege wako nyumbani; wa basi na boti wanalala Dar na kuvuka kesho yake.

Mazoezi. Kisiwa chetu ni tambarare, hata kile kilima cha Masingini hakifiki mita 150, na wengi wananiuliza wafanyie wapi. Nawapeleka ghorofa za Michenzani. Mkaombe ruhusa kwa wenyewe kwanza, mpande na kushuka ngazi mkiwa na begi lenye chupa za maji mgongoni, mara tatu kwa wiki, wiki nane. Kinachohesabiwa ni kushuka. Kupanda kunachosha pumzi, na pumzi inarudi ukisimama dakika mbili. Kushuka ndiko kunakovunja mapaja, na paja likishavunjika halirudi siku ile. Mwishoni mwa wiki nendeni Paje au Jambiani maji yakiwa yametoka, lakini msitembee kwenye mchanga mgumu wa chini. Tembeeni juu kule, kwenye mchanga mkavu unaozamisha mguu, saa mbili bila kusimama. Hayo ndiyo majivu ya Lengai, ila Lengai umesimama wima.

Vitu vya kubeba si vingi. Maji lita nne kwa kila mtu, na mimi mwenyewe nazihesabu chupa kabla gari halijaondoka. Tochi ya kichwani na betri za akiba, bakora mbili, glavu za kazi kwa sababu sehemu nyingine unapanda kwa mikono, helmeti kwa ajili ya mawe yanayoporomoshwa na walio mbele, kitambaa cha kufunika pua na miwani, kwani vumbi lile lina magadi na linawasha macho. Koti la upepo lisikose. Juu alfajiri kuna baridi ambayo mtu wa pwani haijui. Chakula cha mlimani napenda tende, karanga na halua ya Wete iliyokatwa vipande vidogo. Halua inakaa, haimwagiki, na saa tisa usiku mwili unaililia. Nyama ya kambini lazima iwe imepangwa kabla, nani atachinja na wapi. Hilo halisemwi mkiwa mmeshafika.

Kwa wanawake wenzangu, najua swali linaloulizwa kwa sauti ndogo. Mimi hupanda na suruali pana, juu yake gauni jepesi linaloishia magotini, na ushungi wa pamba uliochomekwa ndani ya koti. Sijawahi kuona mtu akisumbuka kwa vazi hilo, nimeona waliosumbuka kwa viatu vipya. Alfajiri inatukuta karibu na kilele au juu kabisa. Tunaswali kwa zamu mahali palipo na nafasi, mwongozaji akitushikia tochi.

Waongozaji wetu ni vijana wa Kimaasai wa Engare Sero, mmoja kwa kila watu watatu, sishuki chini ya hapo hata mteja akinisihi kupunguza bei. Wao ndio wanaojua korongo lipi limebomoka wiki hii. Mwongozaji akisema tunarudi, tunarudi, na pesa hairudishwi. Hilo nalisema siku ya kwanza, kwenye simu, kabla ya senti kutolewa. Hata mimi siwezi kulitangua neno lake.

Ukali huu una sababu. Julai 2007 ardhi ya upande ule ilitetemeka mfululizo, tetemeko kubwa likafikia ukubwa wa 5.9 na kusikika mpaka Nairobi. Septemba mlima ukalipuka, na uliendelea kurusha majivu mpaka mwaka 2008. Kabla ya hapo kasoko ya kaskazini, yaani shimo la volkano kule juu, ilikuwa imejaa, watu wakitembea juu ya sakafu yake na hata kupiga kambi. Mlipuko uliitoboa ukaacha shimo refu lenye kuta wima. Zaha imekuwa ikirudi kulijaza kidogo kidogo, lakini hakuna wa kuteremka mle, na ukingo wenyewe ni majivu yaliyoshikana tu, unaweza kumeguka chini ya mguu. Sisi tunasimama nyuma ya mstari anaouweka mwongozaji. Mwenye pumu simpeleki, kwa sababu ya gesi.

Na moto? Siahidi. Kuna alfajiri unaona mtiririko mweusi ukimeremeta chini kabisa, na kuna alfajiri ni moshi mtupu. Mara nyingine huoni kitu, unasikia tu zaha ikichapa huko ndani kama bahari inavyochapa kwenye mapango ya mawe. Mama mmoja wa Chake Chake alikaa akiisikiliza sauti hiyo mpaka tukamwita mara tatu.

Walioipenda Lengai wananiuliza inayofuata. Nyiragongo, kule Goma, ilikuwa ndoto ya kila mtu wa kazi hii kwa ziwa lake la moto, lakini zaha yake iliingia mjini mwaka 2002, ikashuka tena Mei 2021, na eneo lile lina vita. Simpeleki mtu. Ninaowaelekeza nawaelekeza Karthala, volkano ya Ngazidja kule Komoro, ambako wengi wetu tuna shangazi na binamu. Ina mita 2,361, unapanda kupitia mashamba na msitu, unalala juu, unashuka siku ya pili. Kaldera yake, yaani lile shimo kubwa la kileleni, ni pana kama kilomita tatu kwa nne. Zaha yake ni ya moto hasa, si kama ya Lengai. Mwaka 1977 ilishuka mpaka kijiji cha Singani, na mwaka 2005 majivu yaliharibu maji ya matangi ya watu, kwa sababu Ngazidja haina mito, mvua yote inanyonywa na mawe. Kwa hiyo kule nako ni yale yale: maji ya siku mbili unatoka nayo chini, na mpagazi wa maji ndiye wa kwanza kumtafuta.

Jambo la mwisho kwa wa Lengai: msinunue tiketi ya boti ya siku ile ile mnayotoka Arusha. Laleni Dar. Baada ya mlima, ngazi za boti zitakuwa ndefu kuliko mnavyozikumbuka.