Ndege "aliye hatarini" ni yupi? Kozi wawili wa anga la Katanga

Mvua zikishika Lubumbashi na kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini, tazama juu: huenda ukaona kozi wadogo wa kijivu, miguu myekundu. Wengi huwaita kipanga, basi. Kumbe wanaweza kuwa spishi mbili, ambazo zamani hata wataalamu walizihesabu kuwa moja. Kozi miguu-myekundu (Falco vespertinus) huzaliana kuanzia Ulaya ya mashariki hadi Siberia. Kozi wa Amur (Falco amurensis) hutoka Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini mwa China. Dume wa Amur akipaa, chini ya bawa ni peupe kwa mbele; mwenzake ana giza tupu.

Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya shirika la kimataifa la uhifadhi inayoonyesha spishi zipi zimo hatarini, wa Amur amewekwa miongoni mwa ndege wasiotia wasiwasi. Miguu-myekundu yuko hatarini, ngazi ya chini kati ya tatu za hatari. Watu wakisikia hivyo hudhani wamebaki mia chache. Sivyo, bado wako maelfu kwa maelfu. Kinachopimwa zaidi hapa ni kasi ya kupungua: spishi huingia ngazi hiyo idadi yake ikishuka kwa asilimia 30 au zaidi katika miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea muda upi ni mrefu.

Kwa nini miguu-myekundu apungue? Kozi hajengi kiota. Miguu-myekundu hutegemea sana viota vya kunguru wanaoishi kwa makundi, na wakulima wa Ulaya waliwaua kunguru hao kwa risasi na sumu. Kwangu hili ndilo linalouma zaidi, kwa sababu hakuna aliyemkusudia kozi. Dawa za mashambani nazo zikamaliza panzi anaowala. Nchini Hungaria wahifadhi walitundika visanduku mitini, na kozi wakavikubali.

Wa Amur naye alionja balaa. Mwaka 2012, huko Nagaland, India, anakopumzika kabla ya kuvuka Bahari ya Hindi kuja Afrika, makumi ya maelfu walinaswa kwa nyavu na kuuzwa kama kitoweo. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe walipiga marufuku uwindaji huo, ukakoma. Wangeendelea, wingi wake usingemkinga: ndege anayekusanyika mahali pamoja hivyo anaweza kumalizwa kwa misimu michache.