Tumbo la safari si "maji mageni"

Mgeni akishuka stendi ya Kange, Tanga, kesho yake akaanza kuharisha, wenyeji humpa pole: "Ni maji mageni hayo, utayazoea." Nami nimewahi kuwaambia hivyo wageni wangu, na nilikosea. Maji hayachafui tumbo kwa ugeni wake. Kinachochafua ni vijidudu vya kinyesi vilivyoingia humo.

Mara nyingi ni bakteria aitwaye E. koli, wa aina inayotengeneza sumu. E. koli wengi huishi utumboni bila kudhuru. Hawa wenye sumu hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, kisha sumu yao huzilazimisha seli kumwaga chumvi, na chumvi huvuta maji. Ndiyo maana choo huwa majimaji tupu. Sumu yao mojawapo inafanana sana na ile ya kipindupindu.

Msafiri naye huweza kuwabeba bila dalili yoyote. Akikata kachumbari bila kunawa kwa sabuni, ikakaa kwenye joto tangu asubuhi, wanaongezeka humo hadi kumfikia mlaji wa mchana.

Anayeharisha apewe mapema ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, pakiti ya lita moja kwa lita moja ya maji salama. Kumsubiri "azoee" ni kumwacha aishiwe maji, hasa mtoto mdogo. Akiona damu, awahi hospitali.