Mitetemo huona nini ndani ya kreta ya kimondo?

Wengi huamini kwamba kimondo kikubwa huacha shimo kama bakuli, yaani kreta, na kwamba ukichimba katikati utakikuta chenyewe. Sivyo. Joto la mgongano hukigeuza karibu chote kuwa mvuke au uji wa mwamba. Shimo nalo huweza kufukiwa kabisa: kreta ya Chicxulub huko Yucatán, Meksiko, ina upana wa kilomita zipatazo 180 na umri wa miaka milioni 66, lakini ukisimama juu yake huoni bonde lolote. Imelala chini ya mashapo mazito, na karibu nusu yake iko baharini.

Kreta iliyofukiwa hivyo huchunguzwa kwa upimaji wa mitetemo, na wapo wanaodhani huko ni kungoja tetemeko. Hapana, mtetemo hutengenezwa. Meli huburuta mitambo inayofyatua hewa iliyoshindiliwa, mlio unashuka hadi kwenye miamba, na vinasa sauti hupokea mwangwi wake.

Dhana inayonigusa zaidi ni hii: mawimbi yakipita polepole, basi hapo pana mwamba laini. Vipimo vya Chicxulub vya mwaka 1996 na 2005 vilionyesha pete ya vilele, yaani duara la vilima, ndani ya kreta, na mawimbi yalipita humo kwa kasi ndogo mno. Mwaka 2016 watafiti waliichoronga pete hiyo hadi mita 1,335 chini ya sakafu ya bahari. Walichokikuta ni graniti, mwamba mgumu! Ilikuwa imenyanyuliwa kutoka kina cha kilomita kama kumi, ikapasuka-pasuka na kujaa vitundu vidogo kiasi cha kuwa nyepesi kuliko graniti ya kawaida. Kumbe mawimbi yalikuwa yakicheleweshwa na nyufa. Kwangu hiyo ni habari nzuri ajabu, maana nyufa hizo ndizo zinazosimulia nguvu ya pigo lenyewe.

Je, picha ya mitetemo inatosha kuthibitisha kreta? Haitoshi. Silverpit, chini ya Bahari ya Kaskazini, ilitangazwa kuwa kreta ya kimondo mwaka 2002 kutokana na picha za namna hiyo, na wengine wakapinga wakisema ni chumvi ya chini iliyohama ikaacha ardhi izame. Ubishi ulidumu zaidi ya miaka 20. Mwaka 2025 ndipo zilipochapishwa habari za chembe za madini ya kwatsi zenye makovu ya mshtuko, dalili ya pigo la kimondo, zilizopatikana katika vipande vya mwamba kutoka kisima cha mafuta.