Je, wajua? Setilaiti huyaonaje mawingu usiku wa manane?

Jua likishazama Mwanza, picha za mawingu zinazopokelewa na watabiri wa hali ya hewa hazikatiki. Zinaendelea kuingia saa sita usiku, saa nane, saa kumi alfajiri. Kamera iliyoko kilomita 36,000 juu ya ikweta inaona nini wakati huo, ilhali mtu aliye huku chini haoni hata kiganja chake?

Inaona joto. Kila kitu kinatoa mionzi kulingana na joto lake: ardhi, maji, wingu, hata barafu. Mionzi hiyo, infraredi, haionekani kwa macho, lakini ukisogeza mkono kwenye jiko la mkaa lililofunikwa na majivu utaihisi bila kuona moto wowote. Vifaa vya setilaiti huipima hasa kwenye mawimbi ya urefu wa maikromita 10 hadi 12 (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), kwa sababu hayo hupenya hewa bila kumezwa sana na mvuke.

Kutoka hapo hesabu ni nyepesi. Kadiri unavyopanda angani, hewa inapoa kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 kila kilomita. Kwa hiyo wingu lenye kilele baridi ni wingu ambalo kilele chake kiko juu sana. Ardhi ikiwa na nyuzijoto 20, kilele cha wingu la radi lililopanda kilomita 15 kinaweza kufika 70 chini ya sifuri. Rangi nyekundu tunazoziona kwenye picha hizi zinapakwa na kompyuta, na mara nyingi nyekundu ndiyo sehemu baridi kuliko zote. Wengi huisoma kinyume.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. TIROS-1, setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanikiwa, ilirushwa na Marekani tarehe 1 Aprili 1960 ikiwa na kamera za televisheni. Usiku ilikuwa kipofu. Mwaka 1964 Nimbus-1 ilibeba kifaa cha infraredi, na mawingu ya usiku yakaanza kuonekana kwenye picha.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili ni la kufa na kupona, na sababu ni Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na radi hupiga zaidi milimani na mashambani. Usiku mambo hugeuka. Ardhi inapoa, maji yanabaki na joto, na upepo kutoka pande zote za pwani ya ziwa unaelekea katikati. Pepo hizo zinapokutana, hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana dhoruba kali za ziwa hili huja kati ya usiku wa manane na asubuhi, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia picha za setilaiti, ulionyesha kuwa radi za alasiri kwenye nchi kavu inayozunguka ziwa zinasaidia kutabiri dhoruba ya usiku unaofuata. Hizo ni saa kadhaa za kumwonya mtu kabla hajasukuma mtumbwi. Sioni matumizi bora zaidi ya setilaiti kuliko hayo.

Njia ya joto ina udhaifu wake, nao ni ukungu. Wingu lililolala karibu na ardhi lina joto karibu sawa na ardhi yenyewe, hivyo kwenye picha linapotea kabisa. Dawa yake ni kulinganisha mawimbi mawili, la maikromita 3.9 na la 10.8. Matone madogo ya maji hutoa mionzi pungufu kwenye wimbi lile fupi, kwa hiyo ukungu unaonekana baridi zaidi huko kuliko kwenye lile refu. Tofauti ya nyuzi chache tu inatosha kuufichua. Mchana mbinu hii haifai, kwa sababu mwanga wa jua unaoakisiwa huvuruga kipimo cha 3.9.

Kuna pia macho yanayotumia mwanga hafifu. Setilaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa Oktoba 2011, hupita ikweta mnamo saa saba na nusu usiku na mchana. Kifaa chake kinaona mawingu kwa mbalamwezi, na kinanasa mioto ya nyika, taa za miji na za meli za uvuvi. Wanasayansi walishangaa kukuta kwamba hata usiku usio na mwezi mawingu yalionekana: yalimulikwa na nyota pamoja na mng'ao dhaifu wa hewa yenyewe, unaotokea kilomita 90 hivi juu yetu.

Ila wingu zito likitanda, ardhi iliyo chini yake haionekani kwa joto wala kwa mwanga. Hapo inahitajika rada. Kimbunga Idai kilipotua karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, ramani za mafuriko zilichorwa kwa data za Sentinel-1, setilaiti inayotuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza mwangwi. Mawimbi hayo hupenya mawingu. Yakigonga maji yaliyotulia huruka upande wa pili bila kurudi, na eneo lililofurika linatokea jeusi kwenye picha, iwe mchana au usiku.